Kamba ya Mzamiaji

Msomaji wangu, ikiwa unaisoma insha hii hapa Sotik, kati ya mashamba ya chai na malisho ya ng'ombe, basi uko mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilometa 600. Yamkini hujapata kuiona bahari ila katika picha. Huenda ukauliza: Mwalimu, habari za watu wanaozamia chini ya maji ya chumvi zatuhusu nini sisi wa nyanda za juu? Swali lako ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kabla ya kufika baharini, twende kwanza mtoni.

Mto Kipsonoi waujua. Wakati wa kiangazi mtoto huuvuka kwa kuruka juu ya mawe. Wakati wa mvua hubadilika rangi na sauti, na hapo hata mtu mzima huusimamia ukingoni akafikiri. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, siku moja wakati wa likizo niliuvuka ukiwa umejaa. Nilijua kuogelea, na kiburi cha ujana hakikunipungukia. Nilitazama ng'ambo iliyokuwa mbele yangu, nikaingia. Maji hayakunipeleka ng'ambo hiyo. Yalinichukua chini, mbali na pale nilipopakusudia, yakanifikisha penye ukingo mrefu wa udongo usio na pa kushika. Nilining'inia kwenye mzizi mpaka mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake aliponinyoshea fimbo. Aliponivuta nchi kavu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umetazama pa kuingilia. Pa kutokea hukupatazama."

Maneno hayo machache ndiyo shina la insha hii. Nimeyakumbuka kila niliposoma historia ya wazamiaji, kwa sababu historia hiyo yote ni jibu la swali moja: Mtu aingiapo majini, nani au nini humrudisha?

Kwa maelfu ya miaka mzamiaji hakuwa na hewa nyingine ila ile aliyoivuta kifuani mwake kabla ya kuzama. Pumzi hiyo moja ndiyo iliyokuwa mpaka wa safari yake. Alishuka, akatafuta alichokitaka, akapanda pale pale. Hakuwa na nafasi ya kwenda mbali, wala hakuhitaji kuuliza atatokea wapi. Alitokea alipoingilia, au hakutokea kamwe.

Kazi hiyo ilijulikana sana katika Ghuba iliyo kati ya Uarabuni na Uajemi, ambako watu walizamia kutafuta chaza wa lulu. Msimu mkubwa ulikuwa miezi ya joto, tangu Juni hivi hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua yake kwa kibanio, akatia mguu katika kitanzi cha kamba yenye jiwe zito, akashuka upesi mpaka chini. Huko aliwakusanya chaza katika kikapu kilichoning'inia shingoni mwake. Pumzi ilipomwishia alitikisa kamba ya pili, na mwenzake aliyekaa chomboni akamvuta juu kwa nguvu zote. Mzamiaji alirudia kazi hii mara nyingi toka asubuhi hata jioni. Maisha yake yalikuwa mikononi mwa yule mvuta kamba. Mvutaji akisinzia, mzamiaji amekufa.

Sasa sikiliza jambo ambalo halifai kusahauliwa. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wengi miongoni mwa wazamiaji hao walikuwa watumwa, na wengi wa watumwa hao asili yao ilikuwa Afrika Mashariki. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Hata hivyo biashara ya magendo iliendelea, maana lulu zilikuwa na soko kubwa Ulaya, Marekani na Bara Hindi, na mikono ya kuzamia ilitakiwa. Mtumwa alizama, na mapato yake yakachukuliwa na bwana wake. Baadhi yao walitoroka wakafika katika ofisi za Waingereza za Sharjah na Bahrain kuomba hati za uhuru, na maelezo waliyoyatoa hapo yamehifadhiwa mpaka leo. Katika miaka ya 1930 biashara ya lulu ilianguka, kwa sababu ya unyonge wa uchumi wa dunia na kwa sababu Wajapani walikuwa wamejua kuwafuga chaza na kuwatoa lulu.

Basi itazame kamba ile, msomaji, nawe utaona ina sura mbili. Ilikuwa wokovu, kwa sababu bila kamba mtu hakurudi. Ilikuwa pia kifungo, kwa sababu ncha yake ya juu ilishikwa na mwingine, na huyo ndiye aliyeamua mzamiaji ashuke wapi, mara ngapi, na kwa faida ya nani.

Huko Ulaya watu walikuwa wakitafuta njia ya kukaa chini ya maji kwa muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1830 fundi Augustus Siebe, Mjerumani aliyehamia London, alitengeneza vazi zito lenye kofia ya shaba, nayo kofia ikaunganishwa na mrija mrefu uliofika juu. Watu wa chomboni walipiga bomba kuisukuma hewa kwenye mrija huo. Sasa mzamiaji aliweza kufanya kazi chini kwa saa nzima au zaidi. Lakini bado alifungwa: kwanza kwa kamba, pili kwa mrija. Alikwenda mpaka urefu wa mrija wake, kama mbuzi aliyefungwa kigingini alavyo mpaka mwisho wa kamba yake.

Na tukiwataja mbuzi, yafaa ujue kuwa mnyama huyu amewatendea wazamiaji wema mkubwa. Watu waliokaa sana chini, kisha wakapanda upesi, walipatwa na maumivu makali ya viungo. Wengine walipooza, wengine wakafa. Mwaka 1878 mtaalamu wa Kifaransa Paul Bert alieleza sababu yake. Hewa tuivutayo ina gesi iitwayo naitrojeni. Mtu akiwa chini, uzito wa maji huifanya gesi hiyo iingie kwa wingi katika damu na nyama yake. Akipanda ghafula hutoka kwa mapovu, kama vile mapovu yatokavyo katika chupa ya soda ifunguliwapo. Mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane na wenzake, baada ya majaribio mengi ambayo wanyama waliotumiwa sana walikuwa mbuzi, walitoa majedwali ya kumwonyesha mzamiaji muda wa kukaa katika kila kina, na namna ya kupanda kwa vituo. Tangu hapo mzamiaji alianza kuongozwa na hesabu pamoja na kamba.

Kamba yenyewe ilikatwa mwaka 1943. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na petroli ilikuwa adimu Ufaransa. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuyapa magari gesi badala ya petroli. Afisa wa manowari, Jacques-Yves Cousteau, alimwendea akitafuta kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi, wala si zaidi. Wawili hao waliigeuza vali ile, wakaifunga kwenye mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, wakaijaribu mtoni karibu na Paris, kisha katika Bahari ya Mediteranea. Bahari hiyo, kumbuka, ndiyo iyapokeayo maji yetu wenyewe. Maana Kipsonoi huingia Mto Sondu, Sondu huingia Ziwa Viktoria, na kutoka ziwa hilo Mto Naili huanza safari yake ndefu ya kaskazini.

Kwa kifaa hicho mtu wa kawaida aliweza kuogelea chini ya maji kama samaki, amechukua hewa yake mgongoni, bila mtu wa juu kumshika kamba wala kumpigia bomba. Faida zake zimefika mpaka kwetu Kenya. Mwaka 1697, Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa, merikebu ya vita ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wazamiaji waliokuwa wakifanya kazi pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliichunguza, wakaipima, wakavitoa vyombo vyake, na vingine vikawekwa katika jumba la makumbusho ndani ya ngome. Ukurasa wa historia yetu uliokuwa umefungwa majini ulifunguliwa na watu wasiofungwa.

Lakini kila uhuru huja na swali lake. Mtu mwenye kamba hana haja ya kuuliza atarudije; kamba humjibu. Mtu aliyekatiwa kamba lazima ajijibu mwenyewe. Hapa ndipo tufikapo katika safari ile ambayo kwa mawazo yangu ndiyo mtihani mkubwa wa mzamiaji huru, nayo ni safari ya kwenda bila kurudi. Simaanishi kufa! Namaanisha kuingia majini kutoka ufukoni mahali pamoja, kuufuata mwamba wa matumbawe pamoja na mkondo, na kutokea ufukoni mahali pengine.

Mahali palipo na sifa kubwa ya safari za namna hii ni kisiwa cha Bonaire, katika Bahari ya Karibi, karibu na pwani ya Venezuela. Ni kisiwa kidogo kilicho chini ya Uholanzi. Upepo wake mwingi hutoka mashariki, kwa hiyo upande wa magharibi una maji matulivu, na mwamba wa matumbawe uko karibu sana na nchi kavu. Tangu mwaka 1979 bahari inayokizunguka imelindwa kuwa hifadhi. Kando ya barabara ya pwani yamewekwa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe likiwa na jina la mahali pa kuzamia. Wazamiaji huacha gari moja kwenye jiwe la kutokea, wakapanda jingine kwenda kwenye jiwe la kuingilia, kisha wakauacha mkondo uwapeleke polepole kutoka hili hata lile.

Kwa macho safari hii ni nyepesi. Mtu haogelei dhidi ya maji, na kila hatua aona kitu kipya. Lakini wepesi wake ndio hatari yake. Mwenye kwenda na kurudi akichoka njiani hugeuka. Njia aliyokuja nayo aijua. Mwenye kwenda na mkondo akitaka kugeuka, ule uliokuwa punda wake huwa adui yake. Kwa hiyo mpango wa safari yake lazima ukamilike akiwa bado amesimama nchi kavu. Na mpango huo, msomaji, huanzia mwisho.

Kwanza huchaguliwa pa kutokea. Mzamiaji mwenye busara hupaendea kwa miguu, akapatazama kwa macho yake: Je, pana mchanga au mawe makali? Mawimbi yapigaje? Pana alama gani, mti au nyumba, itakayoonekana kutoka majini? Pili huchaguliwa mahali pa kutokea pa dharura, katikati ya njia, maana si kila safari hufika. Tatu hutazamwa mkondo, waendako maji na kasi yake, na baada ya hayo yote ndipo huchaguliwa pa kuingilia, upande ule maji yatokako. Nne huhesabiwa hewa. Tano hupatikana mwenzi, kwa sababu tangu zamani za kofia za shaba ilijulikana kuwa ni heri wazamiaji waende wawili wawili. Na mtu wa tatu hubaki ufukoni, naye huambiwa saa ya kuwatazamia na la kufanya wakikawia.

Hesabu ya hewa si ngumu, na wewe waiweza. Tuseme mtungi una lita 12, nao umejazwa kwa mgandamizo ulio mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Basi una hewa ya lita 2,400. Tuseme mzamiaji hutumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo mmoja, kwa hiyo katika kina cha mita 10 atatumia lita 40. Robo ya mtungi, yaani lita 600, ni akiba isiyoguswa. Zimebaki lita 1,800. Gawanya kwa 40, utapata dakika 45. Ikiwa mkondo pamoja na miguu yake humpeleka mita 15 kwa dakika, atafika mita 675. Ikiwa pa kutokea pako mita 500 mbele, safari ni halali. Ikiwa pako mita 900, safari hiyo imekwisha shindwa juu ya karatasi, na ni heri ishindwe huko kuliko majini. Tena kumbuka kuwa hesabu hii ni ya mtu mtulivu. Mwenye hofu huvuta hewa mara mbili zaidi, na akishuka mpaka mita 20 mtungi wake huisha upesi zaidi.

Mpango uliofaa Bonaire haufai kuchukuliwa mzima mzima ukaletwa Malindi, Watamu au Diani. Huko Karibi maji hayapandi wala hayashuki sana. Kwetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa yaweza kukaribia mita 4. Mwamba wa pwani ya Kenya mahali pengi uko mbali na ufuko, na katikati pana maji ya kina kifupi. Bahari ikipwa, maji hayo hukimbilia nje kupitia milango ya mwamba, na huweza kumchukua mtu pamoja nayo mpaka bahari kuu. Pa kutokea palipokuwa mchanga laini asubuhi, huenda saa sita baadaye pakawa mawe matupu. Kwa hiyo kwetu haitoshi kuuliza nitatokea wapi; sharti kuuliza pia nitatokea saa ngapi. Wavuvi wa Mijikenda na Waswahili wamelijua jambo hili tangu kale. Huhesabu siku za mwezi, wakajua lini ni bamvua na lini ni maji mafu, kabla ya kulishusha dau.

Mabaharia wao pia waliijua safari ya upande mmoja, tena ile iliyo kubwa kupita zote. Vyombo viliondoka Afrika kwa pepo za kusi na kurudi kwa pepo za kaskazi. Nahodha hakuondoka ila ameujua upepo wa kumfikisha na upepo wa kumrudisha. Aliyeidharau elimu hii aliadhibiwa. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akafika Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi. Wakati wa kurudi hakungoja upepo. Aliondoka Bara Hindi mwezi wa Oktoba, kabla ya kaskazi kushika, akatangatanga baharini karibu miezi 3. Watu wake 30 hivi walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliofika Malindi Januari 1499 walikuwa wachache mno hata akalazimika kuichoma moto merikebu yake moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile na vyombo vile vile. Kilichopungua ni mpango.

Sasa nalijibu swali uliloniuliza mwanzo. Insha hii haikufundishi kuzamia. Kazi hiyo hufundishwa na mwalimu wake, majini, kwa muda mrefu, na ajaribuye bila mafunzo ajitafutia kaburi. Nimekueleza habari hizi kwa sababu nawe umesimama ukingoni. Mpaka sasa umeshikwa na kamba nyingi: ya wazazi, ya walimu, ya kengele ya shule. Mara nyingine zakuudhi, nami sikulaumu. Karibu zitakatwa, nawe utafurahi. Lakini yule mtumwa wa Ghuba alipopata hati yake ya uhuru hakupewa pamoja nayo mtu wa kumvuta juu. Ilimpasa awe mvuta kamba wa nafsi yake, na kazi hiyo hufanywa kwa akili kabla haijafanywa kwa mikono.

Baada ya kuvutwa kutoka Kipsonoi nilikaa ukingoni, nguo zikinichuruzika maji, nikamtazama yule mzee akiwavusha ng'ombe wake. Hakuwaingiza pale walipokuwa wakinywa. Aliwapeleka kwanza juu, mbali kidogo, akasimama akaitazama ng'ambo ya pili, akaangalia sehemu ya chini yenye changarawe na ukingo wa mteremko. Ndipo akawaingiza. Maji yaliwachukua kama yalivyonichukua mimi, wakashuka nayo vichwa juu, wakatokea wote kwenye changarawe ile ile. Kisha yeye mwenyewe akaingia, akatokea papo hapo, akaenda zake bila kugeuka.